Mkono Usio na Mwenyewe

Baba mkwe wangu alikufa bila mimi kuuona uso wake, ingawa sehemu kubwa ya miaka ya hamsini niliishi ng'ambo ya shamba lake la viazi, na kwa muda nilikuwa muuguzi wake. Nilikijua kikohozi chake, maana alikohoa kwa makusudi kila alipokaribia mahali nilipo, ili nipate nafasi ya kujificha. Niliijua miguu yake pia. Mara nyingi nilipokuwa nimechutama kando ya njia, khanga nimejifunika kichwa kizima, kitu pekee nilichoona kikipita ni miguu hiyo, mipana, yenye kidole gumba kilichopinda.

Mimi ni mtu wa Igowole, upande wa Iringa. Kwetu baba mkwe anaheshimiwa, lakini unamsalimia na unampelekea maji ya kunawa. Niliolewa na Mnyakyusa ambaye wazazi wake walihama Tukuyu wakafungua mashamba mlimani, juu ya mji wa Mbeya, na huko mke wa mwana humwogopa baba mkwe. Hawasemi kumheshimu, wanasema kumwogopa. Hamwonani, hamsemeshani, wala hulitaji jina lake au neno linalofanana nalo. Jina lake lilikaribiana na neno lao la mvua, kwa hiyo mvua iliponyesha mimi nilisema tu kwamba maji yanashuka, na watoto wa jirani walinicheka.

Alikuwa mzee wa kanisa. Mchungaji aliwahi kumwambia kwamba desturi ile angeweza kuilegeza, Mungu hangechukia. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia jibu lake: "Injili haikunifundisha kumkosea adabu mke wa mwanangu." Basi ikabaki hivyo. Mimi sikuona ubaya. Nilichokuwa nacho ni udadisi tu. Mtu anayejificha asionane na mwenzake hukaa akimfikiria kuliko anayemwona kila siku.

Nilikuwa nimesomea uuguzi katika hospitali ya misheni kule kwetu, na pale Mbeya nilifanya kazi kwa daktari mmoja Mhindi aliyekuwa na kliniki yake mwenyewe karibu na maduka. Ilikuwa vyumba viwili na benchi la kusubiria. Walikuja watu wa kila namna: wenye maduka, makarani, wake wa wakulima wenye watoto wenye homa. Daktari alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye maswali mengi. Ukimwambia mgonjwa anaumwa kichwa, atataka kujua kichwa kinaanza kuuma akiwa anafanya nini, na jana alikula nini.

Baba mkwe alipatwa na ugonjwa Jumapili asubuhi, wakati wa baridi, watu wakijiandaa kwenda ibadani. Mama mkwe alikuwa uani akamwona anatoka ndani amevaa koti, kiatu cha kulia mguuni, mguu wa kushoto mtupu. Akacheka. "Tata," alimwita, yaani baba, kama wake wa kwao wanavyowaita waume, "unakwenda kanisani na kiatu kimoja?"

Baba akajibu kwamba amevaa viatu vyake vyote. Mama akadhani ni mzaha, kisha akaona mdomo wake umekwenda upande. Baba akapiga hatua nyingine, mguu mtupu ukakunjika, akaanguka kwenye majani yenye umande.

Kilio kilinifikia nikimvalisha mwanangu. Nilimkabidhi kwa jirani nikakimbia hadi nyuma ya nyumba yao, nikasimama kwenye ukuta wa jikoni. Mume wangu alikuwa ameshafika, amemwingiza baba yake ndani na kumlaza.

"Mlaze ubavu," nilisema kupitia dirishani. "Msimpe maji. Mwambie anyanyue mikono yote miwili."

Mume wangu akasema, "Amenyanyua mmoja. Anasema amenyanyua yote."

"Mwambie acheke."

"Anauliza acheke nini."

Alikuwa bado anasema, basi. Maneno yalikuwa mazito lakini yalieleweka. Nilimwomba mume wangu apande baiskeli ashuke mjini kumwita daktari.

Daktari alifika na gari lake dogo, limejaa tope hadi milangoni. Alikaa na mgonjwa kwa muda mrefu. Alipotoka alinikuta bado niko nyuma ya jiko, akaniambia ni kiharusi, na kwamba presha iko juu sana, pengine imekuwa juu kwa miaka bila mtu kujua. Kumpeleka hospitali kwa barabara ile siku ile aliogopa, na hata huko, alisema, hakuna dawa ya kurudisha kilichokwisha kuharibika. Kilichobaki ni kumtunza vizuri ili asipate vidonda wala nimonia, na kuishusha presha ili lisije pigo la pili.

"Bahati yao wana nesi nyumbani," alisema. "Kwa nini hukuingia?"

Nilimweleza. Nilidhani atacheka, au atakasirika kama walivyokasirika masista waliotufundisha kila walipokutana na desturi wasiyoielewa. Alifuta miwani yake.

"Mama yangu," alisema, "aliishi nyumba moja na babu yangu mpaka babu alipokufa. Kila babu alipoingia, mama aliushusha mtandio usoni. Sikumbuki kuwaona wakizungumza." Kisha akauliza, kama anavyouliza juu ya dawa, "Sauti yako anaruhusiwa kuisikia?"

Sikujua. Nilimuuliza mama mkwe, naye akafikiri, akasema sauti inayosema na mtu mwingine si kosa, ikiwa inapita tu.

Hivyo ndivyo nilivyomuuguza. Mume wangu alikuwa fundi seremala. Alisimamisha ukuta wa mbao katikati ya nyumba ya baba yake, akaacha mlango, na mlangoni tukatundika pazia la kitambaa kizito. Mimi nilikaa upande wa jikoni kwenye kigoda, jioni nikitoka kazini. Mama mkwe na mume wangu walikuwa mikono na macho yangu. Niliwaelekeza namna ya kumgeuza, kumwosha, kumkalisha wima kabla ya kula, kumpa uji mzito wa ulezi kwa kijiko badala ya maji yanayompalia. Kila kitu nilikiuliza. Ngozi ya mgongoni ina rangi gani? Akimeza anakohoa? Vidole vya mguu ni vya baridi au vya moto? Mama mkwe alianza kuchoka na maswali yangu, baadaye akaanza kuyajibu kabla sijauliza.

Siku moja alitoka na sahani, amenuna. "Chakula changu hakimpendezi tena. Kila siku anaacha nusu."

Nilitazama sahani. Viazi na maharage vilikuwa vimekatika katikati, kama mtu amepitisha kisu. Upande mmoja ulikuwa mweupe kabisa, umefutwa hata mchuzi.

"Mama, ulipomshikia sahani, nusu hii ilikuwa upande gani?"

"Wa kushoto kwake."

"Mrudishie. Lakini igeuze."

Aliingia. Nikasikia kijiko kikigonga, kisha sauti ya baba, yenye furaha kidogo: "Sasa umenipa nyama ya ardhini ya kutosha." Ndivyo alivyoviita viazi. Mama mkwe alirudi na sahani tupu akaiweka mbele yangu.

Tangu hapo tulianza kuona mengine, au kwa upande wangu, kuyasikia. Alinyoa ndevu za shavu moja. Mtu akimsalimia kutoka kushoto, alimtafuta kulia. Halafu ukaja mkono. Mama mkwe alitoka asubuhi moja uso umempauka. "Anauliza nani ameweka mkono wa mtu kitandani kwake."

"Mkono upi?"

"Wake. Wa kushoto. Nimemwambia ni wako, Tata. Anasema hapana, wa kwake anaujua."

Dada yake baba, shangazi wa mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Tukuyu kumwangalia. Aliposikia hayo alisema ugonjwa wa namna hiyo hauji bure. Watu wakinung'unika juu ya mtu, pumzi zao humwingia kama ubaridi. Aliuliza, bila kunitazama, kama kuna mtu hapo nyumbani aliyekosa kujificha vizuri. Mama mkwe ndiye aliyejibu: "Huyu mkamwana amechutama kwenye matope mpaka amezoea. Tafuta jambo lingine." Nilimshukuru moyoni, lakini usiku kucha nililifikiria lile swali, nikikumbuka kila njia niliyowahi kukutana naye.

Kesho yake nilimweleza daktari yote, mkono, sahani, na ndevu. Aliacha kalamu. Alitaka nimweleze tena ile ya sahani. Kisha akaniambia kwamba macho ya mzee ni mazima na hajapata wazimu. Damu imeharibu upande wa kulia wa ubongo, na sehemu iliyoharibika ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha kwamba kuna kushoto. "Kwake kushoto hakuna," alisema. "Tumjaribu. Geuzeni kitanda, mlango uwe upande wake wa kushoto. Kila kizuri kitoke huko, chakula, habari, wageni. Asipokwenda mwenyewe, avutwe."

Mume wangu akageuza kitanda. Sasa mkono ule usio na mwenyewe ulilala karibu kabisa na pazia langu.

Likabaki suala la presha. Daktari alinipa vidonge vipya ambavyo, alisema, vimetokana na mzizi wa kichaka cha kwao India, ambao bibi zao waliutumia kutuliza watu. Vinaweza kuziba pua na kumtia mtu huzuni, kwa hiyo nimwangalie. Mama mkwe alilipokea hilo kwa hamu kuliko yote niliyowahi kumwambia.

"Kwa hiyo ni mzizi?"

"Ni mzizi, mama. Wameusaga na kuupima."

"Mbona hukusema mapema," alisema, na tangu siku hiyo hakusahau kumpa hata kidonge kimoja.

Lakini ili kujua vidonge vinafanya kazi, lazima presha ipimwe, na daktari hakuweza kupanda mlimani kila wiki. Aliniazima mashine yake ya akiba, sanduku lenye bomba la zebaki. Nilimfundisha mume wangu. Alijaza mpira upepo, akaweka mipira masikioni, akasikiliza, akasema hasikii chochote ila msumeno. Miaka ya kupasua mbao ilikuwa imemwachia mlio wa kudumu kichwani. Mama mkwe aliogopa hata kuigusa ile mashine, akiona zebaki inapanda yenyewe.

Tulikaa hivyo, wao upande wao, mimi upande wangu, sanduku likiwa wazi kwenye sakafu. Ndipo baba akasema. Hakusema nami, alisema na mkewe.

"Anataka kupima nini?"

"Mkono, Tata. Anaufunga kitambaa, anasikiliza damu."

"Basi mpeni huu," alisema. "Si wangu. Haunihusu."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mume wangu akivuta pumzi. Kisha pazia likasogea na mkono ukapita, umeshikwa na mama mkwe kwa chini kama mtu anayetoa mtoto aliyelala, ukalazwa kwenye mto juu ya kigoda.

Niliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ulikuwa mkono wa mtu mrefu. Kwenye kiganja kulikuwa na kovu jeupe la zamani, la machimbo ya dhahabu kule Lupa, kama nilivyokuja kuambiwa. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri. Mama mkwe alizikata. Ulikuwa mzito na wenye joto. Niliufunga kitambaa, nikajaza upepo, nikaweka mipira masikioni. Damu yake ikaanza kugonga mapema mno, zebaki ikiwa bado juu sana. Ilinijia kwamba mtu huyu sijawahi kumwona anavyocheka, na sasa nasikia moyo wake.

Daktari alisema mkono wenye nguvu ndio unaofaa kupimwa, lakini kipimo kisicho kamili ni bora kuliko kukosa kipimo. Kwa hiyo kila wiki mkono ulikuja kwangu. Nikishapima, niliunyoosha vidole kimoja kimoja, nikazungusha kifundo, nikaukunja kiwiko na kuukunjua, ili usikauke. Baba aliendelea na mazungumzo yake ndani, juu ya pareto na bei yake, kana kwamba nafanyia kazi kipande cha mti.

Presha ilishuka polepole. Chumvi tuliipunguza, na hiyo ilileta vita kuliko dawa. Mama mkwe alisema maharage bila chumvi ni chakula cha msiba. Jioni moja, akiwa amechoshwa na maneno yangu ya presha, alikunja mkono wa gauni. "Hebu nipime na mimi, nijue hicho kitu kinavyobana."

Nilimpima. Nikampima tena. Ilikuwa karibu sawa na ya mumewe siku alipoanguka.

"Mama, huumwi kichwa?"

"Kisogoni, asubuhi. Ni mizigo ya kuni."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Tangu huyu mumeo alipokuwa anatambaa."

Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari. Njiani alikuwa akinicheka, mtu mzima asiyeumwa anakwenda kwa mganga. Daktari hakucheka. Alimwambia jambo ambalo nimelirudia kwa wagonjwa wangu maisha yangu yote: ugonjwa huu haumpigii mtu hodi, ukisubiri maumivu, umechelewa. Mama alirudi na vidonge vyake, na kuanzia siku hiyo chungu cha maharage kikawa kimoja kwa wote wawili, chumvi kiduchu. Habari zilienea. Wazee wa kanisa walianza kupita baada ya ibada, wakikunja mikono ya makoti. Wengine walikuwa salama, wengine sivyo, na hao niliwaelekeza kliniki. Shangazi naye alipimwa kabla hajarudi Tukuyu. Alikuwa salama, na nadhani alisikitika kidogo.

Wakati viazi vilipoanza kuchanua, jambo likatokea. Nilikuwa nimeushika mkono, nakunjua vidole kama kawaida, vikakataa. Nilidhani misuli imekaza. Kisha vikakunjika mkononi mwangu, dhaifu, kama vya mtoto mchanga, vikanishika. Kule ndani mazungumzo yakakatika.

"Huu ni mkono wangu," baba alisema.

Ukaondoka. Haukuvutwa kwa nguvu, uliteleza tu na kurudi chini ya pazia, ukagonga kizingiti, ukapotea. Nikabaki nimekaa na kitambaa cha mashine mapajani. Nilifurahi; hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Lakini pia nilihisi kama mtu aliyenyang'anywa mgonjwa, na sikujua niifanye nini furaha iliyochanganyika namna hiyo.

Mama mkwe alitoka baada ya muda. "Ameona aibu," alinong'ona. "Anauliza ni wiki ngapi ulikuwa ukiushika."

"Mwambie haukuwa wake wakati ule."

Alirudi kumwambia. Nikasikia sauti niliyokuwa siijui. Alikuwa akicheka.

Hakuutoa tena. Kwa hiyo nilimfundisha mama mkwe. Tulianza na mkono wangu mimi, jikoni, sanduku kati yetu. Alisikiliza akiwa amefumba macho. "Kuna mtu anatwanga mbali," alisema. "Sasa ameacha." Nikamwonyesha kwamba hapo anapoanza kutwanga ndipo pa kusoma kwanza, na anapoacha ndipo pa kusoma pili. Hakujua kusoma namba, lakini mume wangu alichora mistari ya rangi kando ya bomba, nyekundu juu, kijani chini, naye alisema damu imefika rangi gani. Daktari alipopanda kuja kuhakiki, alipima mwenyewe kwanza bila kusema, kisha akampa mama mkwe. Mama alipotaja rangi ile ile aliyoipata yeye, daktari aliinamisha kichwa kwangu, akaomba chai.

Baba alianza kutembea kwa fimbo, akiburuta mguu kidogo. Alirudi kanisani, viatu vyote viwili. Mimi nilirudi kuchutama kando ya njia, ila sasa kikohozi chake kilikuja mapema zaidi, maana alikwenda polepole.

Jioni moja nilikuwa upande wa jikoni namsaidia mama mkwe kumenya viazi. Baba alikuwa amekaa ndani, nyuma ya pazia. Nikasikia, waziwazi, neno la kwetu: "Kamwene."

Mama mkwe aliacha kumenya. Ni salamu ya Wahehe na Wabena. Baba alijifunza salamu hiyo machimboni, alikofanya kazi na watu wa Iringa. Hakulisema kwa yeyote, alilisema tu, likapita.

"Kamwene," nilijibu, nikitazama viazi.

Nilikuwa na swali nililolibeba kwa miezi, na nikaona nisipoliuliza sasa sitaliuliza kamwe. Nilimgeukia mama mkwe. "Mama, nilitaka kujua, mtu aliyekuwa haoni upande wa kushoto, ilikuwaje kwake? Ilikuwa giza?"

Mama mkwe alinitazama, akaelewa, akaendelea kumenya.

"Mwambie haikuwa giza," baba alisema. "Giza unaliona. Haikuwa kitu chochote. Chumba kilikuwa kizima, sahani ilikuwa nzima. Ninyi mlikuwa mnaniambia kuna upande mwingine, mnakuja mnageuza vitu, mnanionyesha mkono. Nikawaonea huruma. Nilidhani mmepatwa na jambo nyumba nzima, na mimi peke yangu nimebaki salama."

Nilimpelekea daktari maneno hayo asubuhi. Aliniomba niyarudie, akatazama nje dirishani kwenye benchi lililojaa watu, kisha akasema tumwite wa kwanza.

Baba aliishi miaka mingine kadhaa, na iliyomwondoa ni nimonia ya masika, si kiharusi. Mama mkwe aliishi zaidi yake kwa muda mrefu. Mimi na mume wangu tulipohamia Igowole, nikapewa kazi katika zahanati ya huko, alikuja kututembelea na vidonge vyake vimefungwa kwenye pindo la khanga. Siku ya kwanza tu alikuja kukaa kwenye benchi la wagonjwa, akaanza kuwauliza wanawake waliokuja na watoto, kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa, kama asubuhi kisogo kinawauma.